Presha Mia Mbili na Hamsini

Koyoti alianza kula mbuzi wa shemeji yangu majira ya baridi, na ilipofika Machi mimi ndiye niliyeitwa kuwaokoa. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha hali ilikuwa imeharibika kiasi gani.

Shemeji ni kaka mdogo wa mke wangu. Usiku analea wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, mchana analea mbuzi, na ukimuuliza ni wepi wenye shukrani zaidi anajibu kabla hujamaliza swali. Amekodi kipande cha shamba huko kaskazini, mwendo wa saa moja kutoka kwetu Brooklyn Park, huku Marekani, kama barabara haina theluji. Kwa kuwa huwa inayo, sema saa moja na maombi. Mpango wake ulikuwa siku moja aache shifti kabisa, awauzie Wakenya mbuzi wa Krismasi, Wasomali mbuzi wa Idi, na Waliberia mbuzi wa siku yoyote. Kila Mkenya ninayemjua katika mji huu ana ndoto ya kuacha shifti. Ya shemeji ndiyo pekee niliyoiona ikitembea kwa miguu minne na kulia mee.

Koyoti, kwa asiyemjua, ni mnyama wa huku aliyeundwa kwa mabaki ya mbweha na mbwa asiye na mwenyewe. Ana miguu myembamba, mkia mnene, na uso wa mtu aliyetumwa kukukagua kazini. Huyu wetu alikuwa na sikio moja lililokatika. Alichukua watoto wa mbuzi, mmoja baada ya mwingine, kisha akachukua jike kijana mwenye mimba. Jioni hiyo shemeji alinipigia simu, na kilichonitisha ni kwamba alizungumza polepole. Kwa kawaida shemeji akikusalimia unaisogeza simu mbali na sikio.

"Shemeji, nimeongea na yule mzee wa mnada," akasema. "Majike waliobaki wanazaa Aprili. Huyu mnyama akinichukulia hata mmoja tena, nauza wote. Narudi kuomba shifti za wikendi."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Wewe si una bunduki?"

Nilikuwa nayo, ingawa neno bunduki nalitumia kwa kuiheshimu tu. Ilikuwa bunduki ya upepo, niliyoinunua mwaka uliotangulia kwa sababu ambazo mke wangu aliniuliza na bado naandaa jibu. Haitumii baruti. Chini ya mtutu ina chupa ya chuma unayoijaza hewa iliyobanwa. Ukivuta kifyatulio, nyundo ndogo iliyo ndani inasukumwa na springi na kugonga vali, vali inafunguka kufumba na kufumbua, hewa inatoka na risasi. Basi. Kwa kifupi ni chafya iliyoonyeshwa njia.

Uzuri wake ni ukimya. Jirani wa shemeji ni bibi mmoja Mzungu mwenye farasi, na siku ya kwanza alikuja kumkaribisha na keki, kisha akamwambia kwa ule upole wa watu wa huku, upole unaokuacha na baridi mgongoni, kwamba farasi wake ni waoga sana na angeshukuru mno kama pasingekuwa na kelele. Kwa hiyo bunduki ya kweli, ya baruti, haikuzungumziwa kabisa. Tulitembea shambani kwa shemeji kama watu walioingia ibadani wamechelewa.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda na bunduki yangu tukaijaribu kwenye sufuria kuukuu tuliyoitundika kwenye mti. Risasi iligonga sufuria, ikaacha alama kama ya chunusi, ikaanguka chini. Shemeji akaiokota, akaigeuzageuza kiganjani. Kipenyo cha mtutu kilikuwa cha ishirini na mbili, maana yake tundu la kupitisha njegere, tena njegere iliyokosa mvua.

"Shemeji," akasema, "hii ni ya kumuua au ya kumwamsha?"

Mtu mwingine angekubali kushindwa. Lakini mimi ni mhitimu wa shule ya usiku. Nilisomea mitambo ya joto na baridi, jioni baada ya kazi, katika darasa ambalo mtambo wake wenyewe wa joto ulikuwa haufanyi kazi, na tulikuwa tunaandika na glovu. Nilihitimu nikiwa wa pili. Hatukuwa wengi, ila wa pili ni wa pili. Cheti changu kiko sebuleni, kikubwa kuliko picha ya harusi, na mtu akija kwangu na kutaja neno hewa, hata kama anazungumzia hewa ya nje, huwa namwangalia nione kama anajua anazungumza na nani.

Nikaingia mtandaoni. Huko kuna wazee wa Kizungu wenye ndevu za kufika kitovuni ambao wametoa maisha yao kwa jambo hili moja, kuongezea nguvu bunduki za upepo. Kila mmoja anakaa gereji kwake, anafungua bunduki, anaifunga, anaguna. Wote walisema jambo lilelile: ukitaka kipenyo kikubwa, unabadilisha mtutu, unatumia risasi nzito, unaongeza hewa, na unaweka springi yenye nguvu zaidi nyuma ya nyundo, na hayo yote yaende pamoja, hatua kwa hatua, ukipima kila unapogusa. Niliwasikiliza kwa makini sana, nikachukua yale niliyoyapenda.

Mtutu wa thelathini ulifika kwanza. Tundu lake ni la kupitisha harage, harage la kushiba. Risasi zake zikafuata kwenye kikopo cha bati. Shemeji na mimi tulikuwa tunaziita vidonge, kwa sababu ndivyo zinavyofanana, na pia kwa sababu nyumbani ukisema kidonge hakuna anayegeuka kukuangalia, na ukisema risasi mke wangu anageuka. Springi haikufika. Kampuni iliniandikia kwamba iko njiani, kisha ikaniandikia tena kwamba inasikitika. Aprili ilikuwa imeingia na majike walikuwa wanatembea kama wamebeba mapipa.

Hapo ndipo elimu yangu ilipopata nafasi. Ndani ya bunduki kuna kifaa kidogo kinachozuia hewa isifike kwenye vali na presha kubwa mno. Kidhibiti. Nilijiambia: kama sina springi, basi presha itafanya kazi ya springi. Nikatandaza kitambaa cha mezani cha mke wangu, kile cha wageni, nikatoa kidhibiti kwa bisibisi, nikafunga kila kitu, na vilivyobaki mezani nikavitia kwenye kikombe. Kisha nikaipeleka chupa Oakdale, kwenye duka linalojaza mitungi ya watu wanaozamia majini. Katika jimbo ambalo maziwa yake ya maji huganda na kukanyagwa na malori nusu mwaka, watu hao wapo, na wana duka. Kijana wa pale akaangalia maandishi kwenye chupa yangu, akaniambia inakubali hadi mia mbili na hamsini, akaijaza mpaka hapo. Nikamshukuru kama daktari aliyenizalishia mke.

Kuijaribu sikuweza. Mtaani kwetu ni marufuku kufyatua hata bunduki ya upepo, na ukuta wetu mmoja tunauchangia na jirani ambaye hata nikisaga vitunguu anagonga. Ilibidi nisubiri kesho yake, Jumamosi. Nikiwa ndani ya gari pale nje ya duka, nimejaa furaha, nikamrekodia shemeji ujumbe wa sauti. Naukumbuka vizuri kwa sababu nimeshauchezewa mara nyingi tangu siku hiyo, hata harusini:

"Shemeji, habari njema. Presha imefika mia mbili na hamsini. Vile vidonge vidogo nimeacha kabisa, vilikuwa havina kazi, sasa natumia vikubwa. Na kile kidhibiti cha ndani nimekitoa mwenyewe, kwa bisibisi, pale mezani. Dada yako asijue. Jumamosi jioni tunamaliza hii maneno."

Nikautuma. Nikawasha redio. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Haukwenda kwa shemeji. Ulikwenda kwenye kundi la simu la kanisa letu la Brooklyn Center, na katika kanisa hilo, ukiwatoa watoto, mchungaji na mimi, karibu kila mtu anafanya kazi hospitalini.

Simu yangu niliisahau garini, kwa hiyo sikujua chochote. Jumamosi mchana mke wangu alikuwa bado kazini, kwenye shifti ndefu ambako simu hazishikwi, mimi nilikuwa sebuleni napakia vitu vya safari, mara kengele ya mlango ikalia. Nikafungua nikakuta akina mama watano wa kanisani wamebeba vyakula vilivyofungwa kwenye karatasi za bati. Mbele yao alisimama mama mwenyekiti wa akina mama, muuguzi wa miaka mingi, mwanamke ambaye sauti yake ikisema kaa, hata viti vinakaa.

"Baba, kaa chini," akasema.

"Nimekaa, mama."

"Egemea."

Nikaegemea. Wenzake wakapita jikoni bila kuomba ruhusa. Nilisikia kabati likifunguliwa, kisha nikaona kopo letu la chumvi likibebwa kwenda mahali ambapo sijaliona tena mpaka leo. Mama mwenyekiti akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana.

"Tumesikia ule ujumbe wako."

Nikashangaa, lakini mshangao wa kupendeza. Nikajua shemeji amewachezea kwa majivuno. "Mmeusikia? Vizuri. Sikujua akina mama mnapenda mambo haya."

"Ni kazi yetu," akasema. "Hicho kidhibiti ulikitoa lini?"

"Juzi."

"Peke yako."

"Na bisibisi. Si kazi ngumu, mama, kama una uzoefu wa hewa."

Mama mmoja aliyekuwa mlangoni na bakuli la ndengu aliliweka chini sakafuni, taratibu, akabaki ameinama hapohapo.

"Na unajisikiaje tangu ukitoe?"

"Vizuri sana. Nina hamu na jioni ya leo tu."

"Jioni ya leo unataka kufanya nini, baba?" Sauti yake ilikuwa imelainika kwa namna niliyoisikia hospitalini tu, na tena kwa wagonjwa wa watu wengine.

"Namaliza. Tumechoka, mama. Kila siku ni huzuni."

Akanishika mkono. Nyuma yake mtu akaanza kuomba kwa sauti ya chini.

"Na vile vidonge vya zamani," akasema, "ulikuwa unatumia vingapi kwa siku?"

"Inategemea. Kama sufuria iko mbali, hata ishirini."

Maombi yakakatika. Mama mwenyekiti aliniangalia kwa muda wa kutosha mtu kula chapati nzima.

"Sufuria," akasema.

Hapo mke wangu akaingia. Alikuwa na nguo za kazini, viatu mkononi, uso wa mtu aliyesimama masaa kumi na mbili, na sebule yake ilikuwa imejaa kanisa na mumewe ameshikwa mkono katikati. Akatuangalia wote. Akalitazama bakuli la ndengu sakafuni.

"Amekufa?" akauliza.

"Bado," akajibu mama mwenyekiti. "Dada, pole. Hukuambiwa?"

Wakamchezea ujumbe. Niliusikiliza pamoja naye, na kwa mara ya kwanza niliusikia jinsi muuguzi angeusikia: mtu aliyeacha dawa za presha na kujichomoa kidhibiti cha moyo. Lilipofika lile neno bisibisi nilitamani sofa inimeze. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, akafumba macho, akaenda chumbani, akarudi na bunduki ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akaiweka juu ya meza ya kahawa. Kisha akaenda jikoni akarudi na kikombe, akamwaga mbele yao kile kidhibiti na skrubu zake.

"Huyu hapa mgonjwa," akasema. "Na hicho ndicho alichomtoa."

Sitaeleza kicheko kilichofuata kwa sababu hamtaniamini. Niseme tu kwamba jirani aligonga ukuta, na kwamba mama wa ndengu ilibidi apewe maji, na maji yenyewe akayacheka. Walinyamaza, mmoja akasema "cha ndani," wakaanza upya. Walichukua picha ya bunduki. Walichukua picha yangu na bunduki. Mmoja akaninyooshea kidole akasema, "Mimi nilishampigia mchungaji, yuko njiani na mafuta."

Mama mwenyekiti alicheka pia, lakini hakuachilia mkono wangu.

"Ya bunduki nimeielewa," akasema, akifungua mkoba. "Sasa lete mkono nione ya mwenye bunduki."

"Mama, mimi ni mzima."

"Nimebeba mashine kutoka Brooklyn Center. Siirudishi bila kazi."

Akanifunga ule mkanda. Mashine ikavimba, ikashika, ikatoa pumzi, ikalia. Akaiangalia. Akanifunga mkono wa pili, ikavimba tena. Sasa na wengine walikuwa wamesogea kuangalia, na nyuso zao zilinijulisha kabla ya tarakimu. Mke wangu alisogea, akasoma juu ya bega la mama mwenyekiti: mia moja themanini na mbili, chini yake mia moja na nane.

"Hii siyo ya bunduki," akasema.

Nikajitetea. Nilisema ni kwa sababu ya kupanda ngazi. Akauliza ngazi zipi, nimekaa hapo tangu wamefika. Nilisema ni kahawa. Nilisema ni mashine, betri zikiisha huwa zinazidisha. Mama mwenyekiti akajifunga mwenyewe, ikaonyesha presha ya msichana. Wakaniuliza kichwa kinauma, kifua kinabana, naona ukungu? Hapana, hapana, hapana. Wakashauriana kwa Kiingereza cha kazini, juu ya kichwa changu, kama sipo, na hukumu ikatoka: Jumatatu asubuhi kwa daktari bila kukosa, dalili yoyote kabla ya hapo ni ambulensi, na leo siendi popote.

Simu ya mke wangu ikalia. Alikuwa shemeji, na safari hii sote tulimsikia bila simu kusogezwa.

"Yuko wapi mume wako? Hapokei. Jike mkubwa amejitenga, anataka kuzaa, amelala nyuma ya banda na hataki kuingia. Na huyo mshenzi nimemwona mchana kweupe pale kwenye miti. Amekaa tu. Ananisubiri."

"Shemeji yako anaumwa," akasema mke wangu.

Shemeji akasema, kwa ile sauti ya polepole, "Sawa. Basi ngoja nimpigie mzee wa mnada."

Mke wangu aliniangalia mimi, akaiangalia bunduki, akaiangalia mashine ya presha. Ndiye aliyemlea huyo kaka yake tangu mama yao alipokuwa anasafiri na biashara, na ndiye aliyemtumia tiketi ya ndege. Nadhani alikuwa na orodha ndefu ya watu aliochoka nao siku hiyo, nami nilikuwa nafasi ya kwanza, lakini shemeji hakuwemo.

"Usimpigie mtu," akamwambia. "Tunakuja. Ku-drive na-drive mimi."

"Na mimi nakuja," akasema mama mwenyekiti. "Siwezi kumwacha mgonjwa wangu na silaha."

Tulifika jua likiwa linazama. Theluji ya mwisho ilikuwa imebaki mabaka mabaka shambani, kama nguo zilizosahauliwa kwenye majani. Shemeji alitupokea bila kelele, akamwamkia mama mwenyekiti, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Wanasema una mia mbili na hamsini."

"Ya bunduki."

"Na yako?"

"Usiulize," akasema dada yake.

Tukakaa wote wanne nyuma ya trekta bovu, mimi nimelaza bunduki juu ya gurudumu, mke wangu kando yangu. Kule mbele, pembeni ya banda, jike alikuwa amelala karibu na hori la bati ambalo shemeji huwanyweshea maji, na ndani ya hewa ile tulivu tulimsikia akiguna. Farasi wa yule bibi walikuwa upande wa pili wa uzio, wanakula. Tulinong'ona kwa heshima yao.

Koyoti alitoka kwenye miti bila haraka, sikio lake bovu limening'inia. Nikalenga. Nilimwona vizuri mno kwenye darubini ya bunduki, hata ningeweza kumtambua kwenye basi. Nikavuta kifyatulio, nikangoja harage langu zito lifanye kile ambacho wazee wenye ndevu waliahidi.

Bunduki ikasema: pu.

Risasi ilitoka. Hilo siwezi kukataa. Ilitoka, ikasafiri kama mtu anayetafuta choo gizani, ikaanguka kwenye baka la theluji nusu ya njia. Koyoti alisimama akaliangalia lile tundu dogo kwenye theluji, kisha akaendelea kutembea.

"Ndiyo hiyo?" akanong'ona mama mwenyekiti.

Nikapiga tena. Pu. Ilifika mbele kidogo. Jasho likanitoka, na ndani ya jasho hilo likaja swali la mtihani wa shule ya usiku, nililolijibu vizuri kabisa, alama zote: kwa nini vali hukataa kufunguka presha ya nyuma yake inapozidi? Kwa sababu hewa yenyewe inaishikilia ifunge. Ile nyundo yangu na springi yake ya zamani ilikuwa inaugonga mlango ambao watu mia wameuegemea kwa ndani. Niliongeza presha ili nipate nguvu, na kadiri nilivyoongeza ndivyo nguvu ilivyokwisha.

"Presha ni kubwa mno," nikasema. "Lazima ishuke."

"Ndivyo tulivyokuambia," akasema mke wangu.

"Ya bunduki. Nikipiga inashuka. Nisomee geji, hapo chini, mimi siwezi kuondoa jicho."

Akainama, akawasha mwanga mdogo wa simu ndani ya kiganja. Akaanza kunisomea kwa sauti ileile anayosomea wagonjwa, tulivu, haina habari na mtu. "Mia mbili na thelathini." Nikapiga. Pu, lakini pu yenye matumaini. Koyoti alikuwa amefika kwenye uzio, ameinama, anatafuta pa kupenyeza kichwa. "Mia mbili na kumi na tano." Nikapiga, udongo ukaruka karibu na miguu yake, akarudi hatua moja na kuangalia juu kana kwamba ni mvua. Shemeji alikuwa amenishika bega, nami nilihisi vidole vyake hadi kwenye mfupa. Kichwa cha koyoti kikapita chini ya waya. Mabega yakafuata. Jike akajaribu kuinuka akashindwa.

"Mia mbili," akasema mke wangu. Kisha, bila kubadilisha sauti, "Pumua, baba."

Nikapumua. Nikapiga.

Safari hii bunduki haikusema pu. Ilipiga mjeledi. Na kanisani, ninapohadithia, huwa hapo nanyamaza kidogo ili watu wajifikirie wenyewe risasi ilikwenda wapi, na wengi wana imani nzuri na mimi. Lakini humu naandika, na mashahidi wangu watatu wanajua kusoma. Risasi ilimkosa koyoti kwa mkono mzima na kuligonga hori la bati katikati ya ubavu.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Lile hori lilikuwa halina maji, na lililia kama kengele ya kanisa kuu, likaendelea kulia. Koyoti aliruka juu, akanasa mkia kwenye waya, akaunasua, akaondoka kwa mwendo ambao kama angekuwa nao dereva wa kule kwetu angenyang'anywa leseni. Mbuzi wote bandani wakapiga kelele. Mama mwenyekiti akapiga kigelegele kabla hajajua kama kinahitajika. Shemeji naye akarudiwa na sauti yake yote ya zamani, akatukana kwa lugha ya mama hadi mitini.

Tukageuka kuangalia upande wa pili wa uzio. Farasi walikuwa wanakula. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Miezi yote ile tulikuwa tunatembea kwa vidole, tunafunga milango ya gari kwa kuisukuma na kiuno, kwa ajili ya farasi ambao, kama yule bibi alivyotuambia baadaye akiwa ameduwaa kidogo, wawili kati yao ni viziwi kwa uzee, na yule wa tatu hajali.

Jike alizaa muda mfupi baadaye. Mama mwenyekiti ndiye aliyemzalisha, akiwa amekunja mikono ya gauni lake la kanisani, akimwambia asukume kwa Kiswahili. Walikuwa mapacha. Shemeji aliwafuta kwa fulana yake mwenyewe, akampigia mzee wa mnada palepale, mikono ikiwa na uchafu wote ule, akamwambia asante sana, asije.

Koyoti hajarudi ndani ya uzio. Shemeji ametundika mabati na sufuria zangu mbovu kuuzunguka, upepo ukivuma shamba zima linapiga kelele, na bado anaomba shifti chache kuliko mwaka jana. Springi ilifika Juni. Nimerudisha kidhibiti, nimejaza kiasi, na Jumamosi ninazoruhusiwa nakwenda kuligonga lile hori mara moja jioni, ili aliye mitini asisahau. Harage linatoboa. Shemeji amelalamika kwamba sasa hori halishiki maji.

Daktari naye alinipa vidonge, vidogo sana, vya kipenyo cha ishirini na mbili. Nilimuuliza kama hakuna vikubwa. Mke wangu ananipima kila asubuhi kabla ya chai isiyo na chumvi wala raha, halafu anaandika tarakimu kwenye kundi la kanisa, kwa sababu waliapa kufuatilia na hawajaacha. Juzi aliandika mia moja ishirini na nane. Shemeji, ambaye naye ameingizwa humo, akajibu kwa ujumbe wa sauti, na kwa kelele zake zote: "Ya nani hiyo?"